Namna Ugonjwa wa Wasiwasi Unavyotambuliwa na Kupewa Jina: Mwongozo kwa Anayejiandaa Kumwona Mtaalamu

Chukua mfano wa watu wanne ambao wote wameacha kupanda basi. Wa kwanza anasema kwamba basi likijaa anahisi moyo utamwenda mbio, pumzi zitamwishia, na hatapata pa kutokea wala mtu wa kumsaidia. Wa pili anaogopa ajali ya barabarani tu, na akiwa ndani ya treni au katikati ya umati hana shida yoyote. Wa tatu hasumbuliwi na basi bali na macho ya abiria, kwa kuwa ana hakika kwamba watauona mkono wake ukitetemeka anapotoa nauli, kisha watamdharau. Wa nne alinusurika katika ajali ya basi mwaka uliopita, na kila asikiapo breki zikilia, tukio lile humrudia kana kwamba linatokea upya mbele yake.

Jirani akiwatazama wanne hawa ataona jambo moja, yaani watu wanaoogopa basi. Mtaalamu wa afya ya akili atasikia majina manne tofauti: agorafobia kwa wa kwanza, hofu mahususi kwa wa pili, wasiwasi wa kijamii kwa wa tatu, na kwa wa nne ugonjwa unaofuata kiwewe, ambao siku hizi hauhesabiwi hata kidogo katika kundi la magonjwa ya wasiwasi. Kinachotenganisha majina hayo ni jibu la swali moja, nalo ni hili: unaogopa litokee nini hasa? Ukienda kwa mtaalamu ukiwa umelifikiria swali hilo kwa makini, nusu ya kazi utakuwa umeifanya nyumbani.

Wasiwasi wa kawaida na wasiwasi wa ugonjwa

Wasiwasi kwa asili yake ni ulinzi. Mwili hujiandaa kukabili hatari kwa kuongeza mapigo ya moyo, kukaza misuli na kuzinoa hisia, na mtu asiye na wasiwasi kabisa hawezi kuishi salama. Kwa hiyo mtaalamu hatafuti kuwapo kwa wasiwasi, bali hupima mambo matatu kwa pamoja. Kwanza, je, hofu inazidi mno ukubwa wa hatari yenyewe, kwa kuzingatia mazingira halisi ya mtu huyo? Mtu anayeishi mahali penye vita akiogopa kutoka nje usiku, hofu yake ina sababu. Pili, je, imedumu kwa muda gani? Tatu, je, inamtesa sana au imeharibu kazi, masomo, ndoa, urafiki au shughuli zake za kila siku?

Hicho kipimo cha tatu ndicho kinachopotosha wengi, kwa sababu mtu anayekwepa vitu vyote vinavyomtia hofu huonekana mzima. Hatetemeki kwa kuwa haendi mahali pa kutetemeka. Ukiulizwa kama una dalili na ukajibu kwamba siku hizi hujambo, mtaalamu anaweza kudanganyika bila wewe kukusudia. Ndiyo maana nashauri, kabla ya kuorodhesha unayoyahisi, uandike yale uliyoacha kuyafanya: kazi uliyoikataa kwa kuwa ingekulazimu kuzungumza mbele ya watu, safari ulizozikwepa, simu usizopokea, harusi ulizosingizia ugonjwa ili usihudhurie. Orodha ya aina hiyo husema mengi kuliko maelezo marefu ya mapigo ya moyo.

Majina yanatoka wapi

Majina ya magonjwa ya akili hayagunduliwi kwa kipimo cha damu. Yamekubaliwa na wataalamu baada ya mijadala mirefu, nayo yameandikwa katika miongozo miwili inayotumika zaidi duniani. Mmoja ni uainishaji wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, ambao toleo lake la 11, yaani ICD-11, lilipitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika rasmi Januari 2022. Mwingine ni mwongozo wa chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani, unaojulikana kwa herufi DSM, ambao toleo lake la 5 lilitoka mwaka 2013 na kufanyiwa marekebisho ya maandishi mwaka 2022.

Historia ya majina hayo inafaa kujulikana, maana inaonyesha kwamba mipaka yake imechorwa na binadamu na imewahi kuhamishwa. Mwaka 1895 Sigmund Freud, daktari wa Austria, alipendekeza kuutenga ugonjwa wa wasiwasi na ule ulioitwa uchovu wa neva, jina la zamani la hali ya uchovu na udhaifu wa mwili na akili, na kwa miongo mingi wasiwasi wa aina zote ulikaa chini ya jina moja pana. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Donald Klein, aliona kwamba dawa iitwayo imipramini ilizima mashambulio ya hofu ya ghafla huku wasiwasi wa kusubiri shambulio lijalo ukibaki palepale. Hiyo ilikuwa ishara kwamba mambo mawili yalikuwa yamefungwa katika furushi moja. Toleo la 3 la DSM, lililotoka mwaka 1980, likayatenganisha rasmi: ugonjwa wa mashambulio ya hofu upande huu, wasiwasi wa jumla upande ule. Kisha mwaka 2013 ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia pamoja na ugonjwa wa baada ya kiwewe viliondolewa katika sura ya wasiwasi, kila kimoja kikapewa sura yake, na ICD-11 ikafuata mpangilio unaofanana na huo. Kwa hiyo ukikutana na maandishi ya zamani yanayoyaweka yote hayo katika kundi moja, usidhani kwamba mwandishi amekosea. Aliandika kwa kufuata ramani ya wakati wake.

Aina zenyewe

Wasiwasi wa jumla ni ule usio na kitu kimoja unachokishikilia. Leo ni afya ya mtoto, kesho ni kazi, keshokutwa ni deni dogo ambalo tayari limelipwa, na tatizo moja likiisha, akili hutafuta jingine la kulibeba. DSM inataka hali hiyo iwepo katika siku nyingi zaidi kuliko zile zisizo nayo, kwa muda usiopungua miezi 6, na mtu aone ugumu wa kuuzuia wasiwasi huo. Tena lazima wasiwasi uambatane na angalau dalili 3 kati ya 6: kutotulia, kuchoka upesi, kushindwa kukaza fikra, kukasirika haraka, misuli kukaza, na usingizi kuvurugika. Kwa mtoto dalili 1 inatosha. ICD-11 haikufunga idadi ya miezi kwa ukali huo, bali inataka dalili ziwe zimedumu kwa miezi kadhaa. Wagonjwa wengi wa aina hii huenda kwa daktari wakilalamikia shingo, kichwa, tumbo au kukosa usingizi, wala hawalitaji neno wasiwasi, kwa sababu wameishi nao muda mrefu kiasi kwamba wanauona kuwa ndiyo tabia yao ya kuzaliwa.

Hapa lugha yetu yenyewe inahitaji uangalifu. Mtu akisema, «Nina mawazo mengi», anaweza kuwa na maana tatu zilizo mbali sana. Huenda anahofia mambo yajayo, na huo ni mwelekeo wa wasiwasi. Huenda anarudia-rudia makosa na misiba iliyopita huku akijiona hana thamani, na huo ni mwelekeo wa sonona. Au huenda wazo moja asilolitaka, mfano la uchafu au la kumdhuru mtu anayempenda, linajipenyeza kichwani na kumlazimisha anawe mikono au ahakiki mlango mara ishirini, na hapo tumeingia katika ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudia. Usiishie kwenye neno mawazo. Sema ni mawazo ya nini, yanahusu wakati gani, na unafanya nini ili yatulie.

Shambulio la hofu ni wimbi la hofu kali linalofika kileleni ndani ya dakika chache. DSM inataja dalili 13, na shambulio kamili linahitaji angalau 4 kati yake: moyo kwenda mbio, jasho, kutetemeka, kukosa pumzi, kuhisi kukabwa, maumivu ya kifua, kichefuchefu, kizunguzungu, baridi au joto la ghafla, ganzi, kuhisi kwamba wewe au dunia si halisi, hofu ya kurukwa na akili, na hofu ya kufa. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba shambulio moja si ugonjwa. Linaweza kumpata mtu mwenye sonona, mwenye hofu ya mbwa akikutana na mbwa, au mtu asiye na ugonjwa wowote. Ili liitwe ugonjwa wa mashambulio ya hofu, lazima mashambulio yajirudie, baadhi yake yaje bila kichocheo kinachojulikana, na kwa muda wa mwezi 1 au zaidi mtu aishi akihofia jingine, au abadili mwenendo wake kwa ajili hiyo, kwa mfano kuacha mazoezi kwa kuogopa moyo kudunda.

Agorafobia mara nyingi hutafsiriwa kuwa hofu ya maeneo ya wazi, na tafsiri hiyo ni finyu. DSM inataja mazingira 5: vyombo vya usafiri wa umma, maeneo ya wazi, maeneo yaliyofungwa, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Mtu huogopa angalau 2 kati ya hayo kwa kuwa anaona kwamba akizidiwa hatapata pa kutokea wala msaada. Zamani DSM iliihesabu hali hii kama mkia wa mashambulio ya hofu. Tangu mwaka 2013 ni utambuzi unaojitegemea, na mtu anaweza kupewa yote mawili.

Wasiwasi wa kijamii ni hofu ya kutazamwa, kupimwa na kuaibika, iwe katika mazungumzo, katika kula mbele ya wengine au katika kuhutubia. Wapo ambao hofu yao huja jukwaani tu, na hao DSM huwawekea alama ya pekee. Hofu mahususi hulenga kitu au hali moja: wanyama, mazingira ya asili kama vile kimo au maji, damu na sindano, au mahali kama vile lifti na ndege. Hofu ya damu na sindano inatofautiana na nyingine zote, kwa kuwa mapigo ya moyo hupanda kwanza kisha shinikizo la damu hushuka ghafla, na mtu huanguka akazirai. Kwa hiyo mtu anayezirai akiona sindano anafaa kulitaja jambo hilo wazi, maana linabadili hata namna ya kumtibu. Hofu hizi mbili, pamoja na agorafobia, kwa kawaida huhitaji miezi 6 ndipo DSM izikubali.

Zimebaki aina mbili ambazo zamani ziliwekwa katika magonjwa ya utotoni. Hofu ya kutengana ni ya mtu anayeshindwa kuachana na yule aliyeshikamana naye kwa kuhofia kwamba atapatwa na baya. Kwa watoto huhitaji wiki 4, na kwa watu wazima, ambao sasa wanaweza kupewa utambuzi huo hata kama ulianza ukubwani, kwa kawaida miezi 6. Ukimya wa kuchagua mahali ni wa mtoto anayezungumza vizuri nyumbani lakini shuleni hatoi neno, kwa muda usiopungua mwezi 1, bila kuhesabu mwezi wa kwanza wa kuanza shule na bila kuwa tatizo lake ni kutoijua lugha inayotumika. Mtoto huyo si mkaidi, na kumwadhibu ili aseme ni kumwongezea hofu.

Kuondoa sababu nyingine kwanza

Kabla jina lolote halijaandikwa, mtaalamu makini hujiuliza kama mwili au dawa ndivyo vinavyotoa dalili hizo. Tezi ya thairoidi ikizalisha homoni kupita kiasi huleta kutetemeka, jasho, kukonda na moyo kwenda mbio. Hitilafu ya mdundo wa moyo, pumu, upungufu wa damu na sukari kushuka huweza kufanana mno na shambulio la hofu. Ipo pia feokromositoma, uvimbe wa nadra wa tezi iliyo juu ya figo, ambao humwaga homoni za mshtuko kwa vipindi. Kwa sababu hiyo usishangae ukiandikiwa kipimo cha thairoidi, cha sukari, cha wingi wa damu na cha umeme wa moyo. Daktari hajakupuuza wala hajaacha kukuamini. Hakuna orodha moja ya vipimo inayomfaa kila mgonjwa, na vingi huamuliwa na dalili, umri na historia. Dalili zilizoanza kwa mara ya kwanza ukubwani, kwa mtu asiyewahi kuwa na wasiwasi, hudai uchunguzi wa mwili ulio makini zaidi. Na maumivu ya kifua yanayokuja kwa mara ya kwanza ni ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo, wala si ya kusubiri miadi ya mtaalamu wa akili.

Kisha vinakuja vitu tunavyovitia mwilini wenyewe. Kahawa nyingi na vinywaji vya kuongeza nguvu, dawa za pumu za kuvuta, dawa za jamii ya steroidi, vidonge vya thairoidi vilivyozidi kipimo, bangi na vichangamshi vyote huweza kuwasha wasiwasi. Pombe hufanya kinyume: hutuliza usiku, kisha inapotoka mwilini huacha mtetemeko na hofu kubwa kuliko ile ya mwanzo. Dawa za kutuliza za aina ya benzodiazepini zikikatwa ghafla huleta hali kama hiyo, na kuziacha bila usimamizi wa daktari ni hatari kwa sababu huweza kuleta degedege. Sema kweli kuhusu vyote hivyo. Ukificha chupa mbili za kila jioni, mtaalamu atajenga nyumba nzima juu ya msingi usiokuwepo.

Daftari la wiki mbili

Njia bora ya kujiandaa ninayoijua ni kuandika kila tukio la hofu mara linapopita, kabla kumbukumbu haijalipamba. Andika mahali, saa, ulichokuwa ukifanya, kilichopita akilini, mwili ulivyohisi, muda uliochukua, na ulichofanya baadaye. Kwa mfano: «Jumanne, saa tisa usiku. Nilikuwa nimelala. Nimezinduka moyo unadunda, vidole vimekufa ganzi, nikadhani ninakufa. Dakika kama tano ilikuwa mbaya sana, kisha ikaanza kupungua. Nilikaa mlangoni hadi nikatulia. Tangu hapo nalala taa ikiwaka na simu mkononi.»

Tazama maneno hayo machache yanavyozaa matunda. Tukio lilianza usingizini, kwa hiyo halikuwa na kichocheo kinachoonekana. Kilele kilifika ndani ya dakika chache. Dalili ni angalau tatu: moyo, ganzi na hofu ya kufa, mtaalamu atauliza kuhusu pumzi, jasho na mtetemeko ili ajue kama idadi inatimia. Na taa inayowaka na simu iliyo mkononi ni mabadiliko ya mwenendo, ambayo ndiyo hugeuza mashambulio yanayojirudia kuwa ugonjwa yakidumu kwa mwezi. Mtu huyohuyo angefika na kusema tu kwamba usiku hapati usingizi, huenda angeondoka na dawa ya usingizi.

Katika mahojiano utaulizwa pia kuhusu huzuni na kupoteza hamu ya mambo, kwa kuwa sonona na wasiwasi hutembea pamoja mara nyingi. Kuhusu vipindi vya furaha na nguvu kupita kiasi. Kuhusu jamaa wenye matatizo kama yako. Na kuhusu mawazo ya kutaka kufa. Swali hilo la mwisho huulizwa kila mgonjwa, na halitii wazo ambalo halikuwepo. Kama jibu ni ndiyo, liseme palepale, na kama mawazo hayo yamekujia kabla ya siku ya miadi, usisubiri siku hiyo ifike. Kwa mtoto, mtaalamu atataka kumsikia mzazi na mwalimu pia, kwa maana mtoto huonyesha hofu kwa kulia, kung'ang'ania, kuumwa tumbo asubuhi za shule, au kwa hasira ambazo watu wazima huziita utundu.

Huenda ukapewa dodoso. Linalotumika sana ni GAD-7, lililochapishwa mwaka 2006, lenye maswali 7 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likiwa na alama 0 hadi 3, hivyo jumla haizidi 21. Alama 5, 10 na 15 ndizo mipaka ya wasiwasi mdogo, wa kati na mkali. Ni chombo kizuri cha kuchuja na cha kufuatilia maendeleo, ila hakitoi utambuzi. Mtu mwenye tezi inayozalisha homoni kupita kiasi anaweza kupata alama 16, na mwenye hofu mahususi iliyomfungia kazi anaweza kupata 3. Ukijipima mwenyewe mtandaoni, peleka alama hizo kwa mtaalamu kama taarifa ya kuanzia mazungumzo.

Baada ya kupewa jina

Mwishoni mwa uchunguzi, uliza maswali yafuatayo bila woga, kwani ni haki yako. Ni jina gani hasa limeandikwa kwenye faili, na kwa kufuata mwongozo upi? Ni mambo gani niliyoyasema yaliyokufikisha hapo? Ni ugonjwa gani mwingine uliofikiria ukauacha, na kwa nini? Je, kuna zaidi ya mmoja? Si ajabu kuwa na mawili au matatu kwa wakati mmoja, na mtaalamu akiona hivyo ataeleza lipi lilianza na lipi linakutesa zaidi, kwa sababu hapo ndipo matibabu yatakapoanzia.

Uliza pia lini utambuzi utatazamwa upya. Jina la awali huandikwa kwa kutegemea taarifa za saa moja, na mengine hujitokeza baadaye: majibu ya maabara yanaporudi, pombe inapokuwa imetoka mwilini kwa wiki kadhaa, au mgonjwa anapomzoea mtaalamu na kuweza kusimulia tukio ambalo siku ya kwanza hakuweza kulitamka. Endelea na daftari lako hadi miadi hiyo, na safari hii ongeza safu moja zaidi: mahali ulipoogopa kwenda, na ukaenda.